Kuandika

Babu yangu Numbi aliandikwa kazi siku ya mvua,
mlangoni pa kiwanda, chini ya lile bomba refu la moshi.
Kalamu hakuishika yeye. Walimpima kifua,
wakamkagua meno, wakampa nambari,
nambari ikaingia kitabuni
na kitabu kikaingia ndani ya sanduku la chuma.
Bibi Kapya hadi leo husimulia kwa Kiswahili cha Katuba:
"Balimuandika."
Ba- ni nani, Bibi?
Anapuliza makala. "Ni bale ba buku."

Neno hili nimeligeuza mdomoni kama mwiba wa samaki.
Jioni Bibi akisema "andika," hataki barua.
Anataka sahani nne mezani, bukari katikati,
lengalenga kando, maji ya kunawa.
Na Babu alipoanza kukohoa vumbi la shaba
alimwandika dawa kifuani, majani yaliyopondwa,
akayakandamiza kwa kiganja kama apigaye muhuri.
Babu alipokufa, padri alisema: imeandikwa.
Tukaitikia sote. Hakuna aliyeuliza na nani,
kwa wino gani,
nakala ya pili iko wapi.

Nakala ya pili naijua. Huipiga mimi,
ofisi ya komine, chumba cha nyuma,
mashine yenye herufi R iliyovunjika mguu.
Wakubwa husema natamka, naamuru, nateua;
yote ni mvuke tu
mpaka vidole vyangu viupoze.

Mwezi wa tano niliandika uteuzi wa mkuu wa soko:
Kalenga Banza, shemeji wa mtu.
Umeme ulikuwa umekatika, mshumaa unalia nta,
kidole kikateleza.
Kalonga.
Muhuri ukashuka. Saini ikapita juu yake
kama baiskeli juu ya mdudu.

Sasa, Kalonga Banza yupo. Muuza makala,
msukuma magunia sita kutoka njia ya Kasenga.
Alikuja kwa viatu vya kuazima,
mikono ameisugua kwa mchanga na bado myeusi,
akasoma jina lake ubaoni, herufi kwa herufi.
Moja kati ya hizo ilikuwa yangu.
Mkubwa alifoka, kisha akaogopa,
kwani kukiri kosa la karatasi moja
ni kuzifungulia mlango karatasi zote.
Amri ikabaki amri.

Miezi kumi na mmoja.
Alichimba mfereji nyuma ya wauza samaki.
Alikataa ushuru wa pili, ule usio na risiti.
Mama wa mihogo wakaanza kumwita "wetu,"
na hapo ndipo mkubwa alipoikumbuka
ile herufi.

Leo nimeletewa karatasi. Kichwa chake: Kusahihisha.
Nimeipiga bila kosa hata moja.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi,
viatu safari hii ni vyake.
Hakuuliza kwa nini. Aliuliza:
"Mama, ni nani aliniandika?"
Na jibu likaja lenyewe, lile la padri,
lile lisilo na mkono:
"Iliandikwa, papa."
Akavitazama vidole vyangu na wino wake,
akavitazama vyake na makala yake,
kama mtu anayelinganisha vitambaa sokoni.
Akavaa kofia.

Nyumbani Bibi alikuwa anasonga.
"Andika," akasema.
Nikaandika sahani tano.
"Ya tano ya nani?"
"Nimekosea, Bibi."
Akaitazama. Akachota bukari kwa mwiko,
akaijaza.